Meza ya Pembeni, Sehemu ya Tisa: Karatasi za Ambrose Tully

Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Lakini yule aliyemvua, yeye afanye nini? Hilo hawakulisema, nami ninayekusimulia, msomaji, sina jibu lake bado. Coralie Dane naye hakuwa nalo asubuhi ile ya Alhamisi, mwaka wa 1971, ndani ya studio nambari nne pale Los Angeles, alipokuwa ameketi akiwa amezificha karatasi saba za rafiki yake ndani ya kifua cha gauni lake.

Juma lililopita tulimwacha hapo hapo. Mtayarishaji Hal Fenwick alikuwa amekiinua kikapu cha mikate, amekigeuza chini juu, hakuona kitu ila alama za gundi, na ameuliza swali moja tu: nani kazibandua?

Kwa yule aliyelikosa gazeti letu, mambo yalikuwa hivi. "Meza ya Pembeni" ni kipindi cha vichekesho vya mapenzi. Kila Ijumaa televisheni huonyesha visa vitatu vifupi, kila kisa na wapenzi wake wapya, wote kwenye meza ile ile ya mkahawa wa bandia. Waigizaji wake ni wageni: huja, huigiza siku tatu, hupewa shada la maua, huenda zao. Wageni wa wiki hiyo walikuwa Coralie, nyota wa sinema ambaye nuru yake ilikuwa imefifia miaka mingi, na Ambrose Tully, mchekeshaji wa miaka sitini na sita ambaye kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kumtoroka.

Kwa ajili hiyo Otis Breland, mtu wa vifaa, alimbandikia mzee maneno yake mahali ambapo mtazamaji haoni: nyuma ya chupa ya mvinyo, ndani ya orodha ya vyakula, chini ya kikapu. Ni desturi ya siku nyingi katika kazi ile. Wakubwa wengi wamesomewa na vikapu, na hakuna aliyewahi kuitamka kwa sauti.

Coralie alizibandua wakati wa mapumziko ya kahawa.

Hakukusudia kumwangamiza. Alijua tu jambo ambalo kila mwigizaji mgeni analijua: mwenzako akikwama, mwongozaji hasimamishi filamu, huigeuza kamera na kukupiga wewe picha ya uso. Wakala wake alikuwa amemnong'oneza kwamba wakubwa wa kituo wangekitazama kisa hiki, maana walikuwa wakitafuta mwigizaji wa kuwa mama katika tamthilia mpya. Uso wake ulihitaji nusu dakika tu. Baada ya chakula cha mchana angezirudisha karatasi, na pasingeharibika neno.

Alichokosea ni kimoja. Hal Fenwick, ambaye hushuka kutoka ofisini kwake labda mara mbili kwa mwaka, siku hiyo alishuka, akamkuta Ambrose amekwama.

Fenwick alikuwa mtu wa sauti ndogo, na kadiri ilivyozidi kuwa ndogo ndivyo watu walivyozidi kuogopa.

"Otis," alisema, "meza hii ni ya nani?"

"Yangu, Bwana Fenwick."

"Basi karatasi zimekwenda wapi? Zimeota miguu?"

Otis alieleza kwamba alizibandika saa moja na kuzikagua tena saa tatu, zote saba. Alieleza taratibu, mikono ikiwa wazi mbele yake. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushika kadi ya chama cha watu wa vifaa katika studio ile. Aliingoja miaka miwili, na kila aliyesimama pale alijua kwamba wapo waliokuwa wakingoja naye ateleze mara moja tu. Fenwick hakupaza sauti. Alimwambia aufungue mkanda wa vifaa, auweke mezani, akasubiri ofisini.

Coralie akafungua mdomo.

Mpambaji akadhani anataka rangi. Akamsogelea na brashi yake, akampaka midomo, akamkandika poda puani. Alipomaliza, Coralie alikuwa ameshaufunga mdomo wake, na Otis alikuwa ameshafika tundu la pili la mkanda.

"Mwacheni huyo," ikasema sauti kutoka upande wa pili wa meza. "Ni mimi."

Ambrose Tully alikuwa amesimama, leso ya mkahawa wa bandia ingali imechomekwa shingoni. Alisema amezibandua mwenyewe na kuzitupa chooni, maana alitaka kujua kama punda mzee bado anaijua njia.

"Yaani umezitupa mwenyewe," Fenwick aliuliza, "halafu ukakaa dakika mbili nzima unatukodolea macho?"

"Nilikuwa nawapa muda mnifurahie."

Hakuna aliyecheka. Watu wa kipindi kile walikuwa wamezoezwa kutocheka. Kicheko hutiwa baadaye na bwana mmoja mwenye mashine yenye vibonye, kicheko kidogo hapa, kikubwa pale. Kwa hiyo utani wa mzee ulidondoka sakafuni ukalala hapo.

Otis alifunga tena mkanda wake.

Na Coralie? Moyo wake ulishuka kama mzigo unapotuliwa. Aliona faraja, msomaji. Faraja tamu, ya mtu aliyevuka mto bila kulowa. Nayo faraja hiyo, alipoitambua, ilimwaibisha kuliko wizi wenyewe.

Fenwick akatangaza mapumziko.

*

Ambrose alikuwa katika chumba chake cha kubadilishia nguo, akifungua mkate wa samaki aliofungiwa na mkewe, Dot. Alipomwona Coralie mlangoni aliukata vipande viwili na kumsukumia kimoja.

"Kaa, Cora."

Hapakuwa na mtu mwingine mjini mle aliyemwita hivyo. Jina la Coralie Dane alibandikwa na studio. Alizaliwa Cora Dankert, binti wa muuza nyama wa Omaha, na Ambrose ndiye aliyempokea akiwa na miaka ishirini na miwili, akamfundisha namna ya kuutafuta mwanga kwa shavu, bila kuutazama.

Hakuketi. Alianza kusema kwamba kuhusu yale ya kule mezani, pengine…

"Nilikuona," mzee akasema.

Coralie akaegemea mlango.

"Kile kioo cha baa wamekiweka ili mkahawa uonekane mkubwa. Nilikuwa kule kwenye birika la kahawa. Nikakuona unachuma karatasi moja moja, kama mtu yuko shambani anachuma mboga."

"Sasa kwa nini umesema ni wewe?"

"Ulitaka niseme nini? Otis alikuwa anafungua mkanda. Na wewe ulikuwa unapakwa poda."

Hakulisema kwa hasira. Laiti angelisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akauma mkate wake.

"Nitukane basi," Coralie alimwomba. "Nitukane, Ambrose, unisaidie."

"Nikutukane ili nani apone? Mwaka wa arobaini na nane nilimkalia mwenzangu kwenye mwanga mpaka sinema nzima hana uso. Hakuna mwigizaji ambaye hajaiba mwanga." Alifuta midomo. "Ila sikumwachia mtu mwingine mzigo wangu. Hilo ndilo limenishangaza kidogo."

Kidogo. Neno hilo lilimwingia Coralie kama mwiba wa samaki kooni, usiomezeka wala usiotemeka.

Kisha mzee, akiwa ameshaacha kumtazama, akamweleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Jumapili iliyopita alilisahau jina la Dot, kwa muda wa kuchemsha yai. Dot alicheka, akamtajia, akaenda kulia kwenye chumba cha kufulia akidhani hasikiki. Tangu hapo waliafikiana: kisa hiki kimoja akimalize, majirani waje wakitazame pamoja, halafu akae nyumbani apande nyanya zake. Hakutaka zaidi.

"Siku tatu tu, Cora. Nilidhani naziweza."

Coralie alitaka kupiga magoti. Alitaka kuzitoa karatasi pale pale. Lakini kabla mkono haujafika kifuani, mlango uligongwa: Bwana Fenwick anamwita Bi Dane ofisini, upesi.

Na yeye, badala ya kubaki, akaenda.

*

Ofisini alikuta kiti kimeshavutwa kwa ajili yake. Fenwick alikuwa akitabasamu, jambo la nadra.

Alimweleza kwa ufupi. Ambrose basi. Saa nane angefika Rex Colby, yule mtangazaji wa mashindano ya maswali mwenye meno mengi, kukalia kiti chake. Na kwa kuwa Colby haigizi bali hutabasamu tu, ile hotuba ndefu ya kisa, mume anapomweleza mkewe kwa nini amempenda miaka thelathini, ingehamishiwa kwa mke. Angeisema Coralie. Uso wake peke yake, dakika nzima. Na jina lake lingetangulia mwanzoni mwa kipindi, likisimama pekee.

Kila alichokuwa amekiiba kwa kucha, sasa aliletewa kwenye sinia.

"Na Ambrose?" aliuliza, kwa sauti aliyoiona nyembamba.

"Nimeshawapigia watayarishaji wawili, nawapigia wengine baadaye. Si kwa ubaya. Ukiuziwa tairi bovu unawaambia wenzako, si ndiyo? Mtu anayetupa mistari yake chooni hapati kazi tena katika mji huu." Fenwick alilegeza tai yake. "Halafu kichekesho ni hiki. Mimi sikukutaka wewe. Nilikuwa na mwanamke mwingine, mdogo kuliko wewe. Mzee akagoma. Akaniambia bila Coralie yeye haji."

Ukutani saa ilikuwa ikienda. Nje mtu alikuwa akipiga misumari.

Wasomaji wangu, ningependa kuwaambia kwamba hapo ndipo alipoinuka akasema kweli. Sivyo. Coralie Dane, mwanamke wa miaka arobaini na mitano aliyesoma na kulelewa vema, alilinyosha gauni lake, na akausikia mdomo wake ukisema:

"Asante, Hal."

*

Alirudi kwenye seti akitembea kama mtu anayebeba bakuli lililojaa mpaka juu.

Otis alikuwa akichomoa kitambaa chenye jina la Ambrose kwenye mgongo wa kiti chake cha turubai. Alikikunja mara nne, kwa heshima, kama bendera. Coralie alipopita karibu, Otis hakuinua kichwa.

"Mama," alisema polepole, "ile gundi ninayotumia ni ngumu. Haibanduki bila kucha. Bwana Tully anakata kucha zake mpaka kwenye nyama. Nimeziona miaka minane, kipindi hadi kipindi."

Macho yake yakateremka kwenye kucha za Coralie, ndefu, nyekundu, zilizopakwa asubuhi ile. Chini ya ukucha wa kidole gumba palikuwa na uchafu mdogo wa rangi ya kahawia.

Basi. Alichukua kile kitambaa akaondoka, na Coralie akabaki ameukunja mkono wake kama mtoto aliyekutwa na sukari. Alikuwa amejua, yule mtu, tangu wakati ule alipokuwa akifungua mkanda. Amejua, na hakumtaja. Maana kati ya neno lake na neno la nyota mweupe, hata aliyefifia, yeye mwenyewe alijua lipi lingesikilizwa.

Ndipo Ambrose alipotokea, kofia mkononi, kuaga.

Aliwaendea mmoja mmoja, watu wa taa, watu wa sauti, mpambaji. Alimshika mkono kila mtu. Alipofika kwa mwongozaji, Sid Margolis, aliyefanya naye kazi miaka kumi na mmoja katika vipindi mbalimbali, alimtazama kwa upendo mkubwa akasema:

"Nakushukuru sana, Sam."

Sid akaushika mkono wake kwa mikono miwili. "Karibu, Ambrose," alisema. Hakumsahihisha. Wala hakuna aliyemsahihisha. Watu wazima thelathini walitazama viatu vyao.

Kisha mzee akamfikia Coralie, na uso wake ukapambazuka.

"Cora," alisema. Hilo hakulisahau. "Usimkimbize huyo Colby. Mstari wake ukimpotea, mngoje."

Coralie aliutazama mkono ule ulionyoshwa mbele yake. Hakuupokea. Aliingiza wake kifuani, akazitoa karatasi, moja, mbili, mpaka saba, zimejikunja kwa joto la mwili wake, akazipanga juu ya kitambaa cha meza ili kila mtu azione.

"Nilizibandua mimi," alisema.

Fenwick, aliyekuwa ameshuka tena kumngoja Colby, alisogea haraka. Alimwambia kwa ile sauti ndogo kwamba amechoka, kwamba taa ni kali, akae anywe maji.

"Sijachoka. Mlipomuuliza Otis, nilikuwepo nikanyamaza. Ambrose alipojitwisha, nikanyamaza tena. Nikaja ofisini kwako nikakwambia asante. Nilitaka picha ya uso wangu, Hal. Ni hicho tu. Sina sababu nyingine iliyo nzuri zaidi."

Ile mashine ya vicheko ingekuwa karibu, hata yenyewe isingejua ibonyezwe wapi. Mpambaji, mwenye brashi mkononi, aliirudisha mfukoni pole pole, na Coralie alimwona akirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyegundua kwamba amekuwa akipapasa kitu kichafu. Alistahimili. Alijua kwamba hatua ile angeiona katika macho ya watu kwa siku nyingi.

"Unajua unachokitupa?" Fenwick aliuliza.

"Nakijua. Nimekitamani miaka sita."

"Na unadhani kinabadilisha nini? Zibandike tena karatasi zako. Jana alikuwa nazo, tulirudia mara sita. Mwezi ujao atakuwa hasomi hata karatasi. Mimi nina filamu ya kumaliza, Coralie. Aibu yako haiwezi kunimalizia filamu."

Na hilo, ndugu msomaji, lilikuwa kweli. Hata Ambrose aliinamisha kichwa, maana alilijua kuliko wote. Aligeuza kofia yake mikononi na kusema kwamba Hal hana kosa, kwamba ni vema aende kabla ya msongamano wa magari, Dot anamngoja.

Coralie aliitazama kamera. Miaka ishirini na mitatu alikuwa ameitazama kwa njaa, akiigeuzia uso wake kama ua linavyofuata jua. Sasa aliitazama kama fundi anavyotazama chombo: lenzi iko wapi, inaona nini, haioni nini. Aliona kiti chake. Aliona upande wake wa nyuma. Na jambo likamjia kichwani, jambo dogo la ufundi tu, ingawa alielewa litamgharimu nini.

Wakati huo huo mlango mkubwa wa studio ukavutwa, jua la mchana likaingia sakafuni, na Rex Colby akaingia nalo, koti la mahameli, meno yote thelathini na mawili.

"Mabibi na mabwana, nimefika," alisema. "Kiti changu kipi?"

Fenwick aliinua mkono kumwonyesha. Coralie akatangulia. Aliweka kiganja chake juu ya kiti kitupu, akasubiri mpaka hata watu wa taa kule juu wakainama kumsikiliza.

"Hiki kina mwenyewe, Bwana Colby, na yuko hapa," alisema. "Sid, weka kamera nyuma ya kiti changu. Nitakaa nikiipa mgongo kisa kizima, mwanzo mpaka mwisho. Mdomo wangu hautaonekana, kwa hiyo nitamtajia Ambrose kila mstari kabla hajausema, na sauti yangu mtaikata baadaye. Hotuba ni yake, picha ya uso ni yake, na jina la kwanza ni lake. Simu zile ulizopiga, Hal, nitazipiga upya mimi mwenyewe, nieleze nilichofanya. Asipoketi Ambrose hapa leo, siketi na mimi."